Kucha Zilizoacha Kukua

Mama Nyuzi alitia nyuzi rangi uani kwake. Kila asubuhi mvuke ulipanda taratibu. Nyuzi mbichi zilining'inia kwenye kamba, nyekundu na buluu, zikidondosha matone kama zinasinzia.

Naye alisinzia, ameketi. Akilala chali, kifua kilibana. Miguu ilivimba mpaka ndara zikamkataa.

"Naona kama natembea ndani ya maji," alimwambia wifi yake, aliyefanya kazi naye.

"Na hizo kucha za njano?"

"Rangi tu, wifi."

"Mbona tunachovya beseni moja, zangu haziringii rangi hiyo?"

Mama Nyuzi akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

Mumewe, seremala, alimnunulia dawa ya fangasi. Mama Nyuzi akapaka kuchani miezi mitatu. Wapi.

Siku moja jirani yao muuguzi alikuja kuchukua nyuzi. Akaushika mkono wa Mama Nyuzi, akaugeuza kwenye mwanga.

"Dada, ulikata kucha lini?"

Mama Nyuzi aliwaza, macho yake yakifuata mvuke. "Tangu mvua za mwaka jana. Hazikui."

"Na kikohozi?"

"Mwaka sasa." Akashusha sauti. "Watu wanasema nimerogwa."

"Hukurogwa. Ila kucha, miguu na pumzi vikisumbua pamoja, tusitibu kimoja kimoja. Kesho twende hospitali."

Picha ya kifua ilionyesha maji kando ya mapafu. Daktari aliyatoa kwa sindano. Mama Nyuzi alihisi hewa ikiingia polepole, mpaka chini kabisa. Machozi yakamtoka bila kujua.

Wakampima kifua kikuu na moyo. Kifua kikuu hakikuonekana, na moyo haukuwa na shida. Ndipo daktari akawaeleza, yeye na mumewe.

"Mwilini kuna mishipa myembamba ya limfu. Inakusanya maji yanayobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu. Yako, mama, inakwenda polepole. Maji yanatuama miguuni na kifuani. Kucha hizo za njano nazo ni dalili yake. Ugonjwa huu ni wa nadra sana. Hauambukizi."

"Atapona?" seremala aliuliza.

"Sitawadanganya. Huenda usiishe. Lakini unatunzika."

Wakafundishwa kumfunga bendeji miguuni, kuanzia vidoleni kwenda juu. Mama Nyuzi akajifunza kupumua kwa kina na kutoa makohozi. Ngozi aliisafisha na kuipaka mafuta isipasuke. Seremala akamchongea kigoda cha kuinulia miguu.

"Ndoa ya miaka ishirini, ndiyo kwanza naletewa kigoda," alisema Mama Nyuzi.

Siku moja maji yalirudi kifuani. Hakungoja. Alikwenda hospitali siku ileile, yakatolewa mapema.

Baada ya miezi minane alikwenda kwa binti yake, aliyeishi ghorofa ya nne. Hakuwa amefika huko tangu binti ahamie. Alipanda bila haraka, akipumzika kila ghorofa, mwanga wa madirishani ukimwangukia mabegani. Akabisha hodi.

Binti alifungua, akaduwaa.

"Mama! Nani kakuleta?"

"Miguu yangu," alisema. "Nipishe niingie."