Kiti cha Piroska Halmos

Bisha. Bisha sasa hivi, nikuone. Sema fundi wa dohani hajui kitu zaidi ya masizi. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na tano, sikatai, lakini hapa Naumburg hakuna nyumba ambayo sijaichungulia kooni, na hata maprofesa hunishika vifungo vya koti wapate bahati. Kwa hiyo bisha, ukimaliza usikilize.

Ilikuwa Septemba, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Bi Roswitha Kesselbach. Jiko lake la vigae, lile la kupashia joto chumba cha kuandikia, lilikuwa halijawashwa tangu Aprili. Nikafungua kimlango cha dohani, nikaingiza kichwa, nikanusa tumbaku. Si moshi wa zamani uliolala kwenye matofali. Hii ilikuwa ya mtu anayevuta sasa hivi.

"Nani anavuta humu?" nikauliza.

Mumewe Hartmut, mstaafu wa reli, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Humu? Mimi hata kukohoa naomba ruhusa."

Bi Kesselbach hakucheka. Alimtazama mumewe kama unavyomtazama mbwa uliyemkuta karibu na nyama. "Muulize vizuri, fundi. Mtu anayeharibu kurasa za mkewe atashindwa kuvuta?"

Huyu mama umjue. Riwaya tatu aliziandika kabla hajafika miaka thelathini na tano. Ya kwanza ilipata tuzo, ya pili ilisifiwa, ya tatu ikaozea ghalani. Hapo ndipo alipoingia kwenye kutafsiri, na kwa miaka ishirini na minne akamtafsiri mwandishi mmoja tu, mwanamke wa Hungari, Piroska Halmos. Vitabu kumi na kimoja! Wasomaji walilia machozi ya kweli, kisha wakamshukuru Piroska. Jina la Kesselbach lilikaa ukurasa wa ndani, kwa herufi za kutafutia miwani.

Februari ile Piroska alifariki. Bi Kesselbach akaona, haya, sasa zamu yangu. Akaanza riwaya ya nne, ya mama yake mzazi na kiwanda cha soksi. Haraka alikuwa nayo: daktari wa macho alimwambia asitegemee kusoma baada ya Krismasi. Kitabu hiki au basi tena.

Ilibaki sura moja. Lakini kila alipoinuka mezani, akirudi alikuta sentensi zimekatwa na nyingine zimepachikwa. Mwandiko ni wake mwenyewe. Maneno ni ya Piroska. Mama yake, mwanamke wa mashine na mikono iliyopasuka, sasa alikuwa amevalishwa glavu na anaulilia mto Danubi.

"Ufunguo wa chumba nalala nao shingoni," alininong'oneza. "Na humu ndani tumo wawili tu."

"Watatu," Hartmut akadakia. "Tangu uanze kumtafsiri huyo bibi tumo watatu, Rosi. Muoneshe kiti."

Kilikuwa kiti cha mbao kando ya meza ya kuandikia, kina mto mwekundu. Bi Kesselbach akaona haya. Alikuwa na mazoea yake ya kazi: alimwekea mwandishi kiti. Akikwama, anakigeukia, anauliza kwa Kihungari, hapa ulimaanisha nini? Kisha anasubiri mpaka jibu limjie. Piroska alipozikwa, kiti hakukiondoa. Na siku alipokwama kwenye kitabu chake mwenyewe, akajisahau, akakigeukia, akauliza.

Mimi, kichwa hiki hiki unachokidharau, nikamwaga masizi sakafuni kuzunguka kiti, laini kama unga. Tukafunga mlango, tukaenda jikoni wote watatu kula keki ya plamu.

"Mikono mezani, Hartmut," Bi Kesselbach akaamuru.

"Nile na nini?"

"Na mdomo, kama kawaida yako."

Nilikuwa bado nacheka nilipoisikia kalamu. Ilikwaruza taratibu nyuma ya ukuta, ikasita kama inayotafuta neno, ikaendelea, na kiti kikalia kama kinavyolia mtu anapobadilisha mguu, na ile harufu ya tumbaku ikapita chini ya mlango ikatufuata mpaka mezani, na Bi Kesselbach, aliyekuwa amemlaumu mumewe miezi yote ile, akaitazama mikono ya mzee huyo juu ya kitambaa, imejaa makombo, haina kosa lolote, akavua ufunguo shingoni.

Tulipofungua, masizi yalikuwa na alama mbili za viatu vya kike mbele ya kiti, ubavu kwa ubavu, visigino vimekielekea kiti. Hatua ya kuja hakuna. Ya kuondoka hakuna.

"Tukichome," nikasema kwa sauti ya chini.

"Halafu yeye akae wapi? Juu ya meza yangu?" Bi Kesselbach alikuwa ameshaketi, kalamu mkononi. "Fundi, wewe ni mtu wa bahati. Kiti kikikaliwa na mtu aliye hai, yeye hana nafasi. Kaa mpaka nimalize sura. Na mimi leo siulizi chochote. Neno likinikimbia, likimbie."

Nikakaa. Ndiyo, mimi! Saa tano nzima, baridi ikinipanda mgongoni kama maji ya kisima. Nikamwambia yule mzimu, "Bibi, kwenu Hungari viti vimekwisha?" Dohani ikavuta pumzi, kigae kimoja kikapasuka, tumbaku ikakatika. Bi Kesselbach akaweka nukta ya mwisho. Kitabu kikatoka, mama yake yumo na mikono yake iliyopasuka, na jina la Kesselbach limejaa jaladani.

Usiniangalie hivyo.

Haya basi, kuna pahali niliruka. Sikukaa mimi. Nilikunja magoti nikae, nikakuta mto una joto, na juu ya mto kuna mapaja ya mtu. Nilijikuta juu ya paa, nimekumbatia brashi yangu, sikio kwenye dohani. Aliyekaa ni Hartmut. Aliweka kikombe chini, akasema, "Andika, Rosi," akakaa mpaka mwisho.

Siku hizi anatembea, anakula, anaagiza tumbaku. Ila anaongea Kihungari tu, lugha ambayo hakuwahi kujua hata salamu yake. Macho ya mkewe yamezima. Nikienda kukagua dohani namkuta amemtegea mumewe sikio, na ananigeuzia kila neno kwa Kijerumani kizuri.

Mara ya mwisho nilimuuliza, "Bi Kesselbach, Hartmut mwenyewe bado anasema lolote humo ndani?"



"Sijui, fundi," akasema. "Mimi natafsiri ninachopewa."