Antivirusi ya Shemeji Ilinizikia Mama Mara ya Pili

Nina miaka thelathini na tisa, ninauza vitenge hapa Goma, nimeolewa na nina watoto. Wasomaji wenzangu mnaopenda kusamehe haraka, leo mnivumilie... mdogo wa mume wangu simsamehe!

Mama yangu alikimbia vita kule Masisi akaja kumalizia maisha yake kwetu. Alikuwa akiwaimbia watoto wangu nyimbo za Kihunde za kubembeleza. Nikamrekodi kwa simu, nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta ya nyumbani. Simu ikaibiwa sokoni. Kisha mama akafariki... Sauti yake ikabaki kwenye ile kompyuta tu.

Sasa, nyumba zetu mnazijua. Kila mgeni anakuja na flashi yake: huyu filamu, yule kwaya, mwingine picha za harusi. Niliogopa virusi. Nikaulizia, nikalinganisha, nikachagua antivirusi ya kulipia ambayo ningeimudu.

Ndipo shemeji akajitokeza! Ukoo mzima unamwita "ingénieur", yaani injinia. Alikuja na flashi mfukoni, kifua mbele.

"Mama Neema, utalipa ya nini na miye niko? Hii iko version complète, kamili kabisa, ya bure!"

Ilikuwa ya wizi, imevunjwa kufuli na watu wasiojulikana. Akaniambia nizime kwanza kinga iliyokuja na kompyuta yenyewe. Onyo jekundu likatokea: programu hii ni hatari. Nikamwonyesha. Mnajua alijibu nini?

"Ni wivu tu. Antivirus moja inachukiaka ingine."

Nikamtazama mume wangu. Akaninong'oneza kwamba kukataa mkono wa mdogo wake ni kumfukuza mlangoni. Hivi mgeni angeleta sumu, tungekunywa kwa heshima? Tulikunywa!

Haikupita wiki, mafaili yote yakabadilika majina, hakuna lililofunguka. Kwenye kioo ujumbe wa majambazi wakidai walipwe. Fundi mmoja mjini akasema waliingia kupitia ile ile antivirusi, na kwamba hana la kufanya. Nililia pale pale dukani kwake, mbele ya wateja.

Na shemeji? Akawaambia ndugu zake kwamba ni mimi niliyefungua mambo machafu! Mimi!

Nilimfuata kwake, mtaa wa Himbi. Kompyuta yake ilikuwa mezani, imewaka, na pembeni mwa kioo niliiona... ile antivirusi niliyoichagua mimi! Imelipiwa, ina jina lake. Nikamuuliza mbona hakuweka ile ya flashi. Hata aibu hakuona.

"Aa, mama, hii ni mashini ya kazi. Huku siwezi kuweka vitu vya bure."

Kwa hiyo yangu ilikuwa jalala?

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Chagueni kinga yenu wenyewe, mpakue kwa wenyewe walioitengeneza. Hata za bure za halali zipo! Mtu akikuambia uzime kinga ili akuwekee yake, mtoe nje, awe ndugu, awe nani. Na kile unachokipenda, weka nakala mahali pengine.

Juzi kitinda mimba wangu aliniomba wimbo wa bibi yake. Nilianza... maneno yakaniishia katikati. Alisubiri, kisha akalala.

Shemeji, najua unasoma hapa. Flashi yako uliyoiacha hapa siku ile ninayo. Njoo uichukue, na unirudishie sauti ya mama yangu.