Mvua ya Miaka Thelathini

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na Deysi Zambrano tulipima mvua. Kopo la kupimia lilikuwa uani mwa shule yetu hapa Babahoyo, nchini Ekuado. Deysi alisoma kipimo, mimi nikaandika daftarini, kisha tukatia sahihi sote wawili. Halafu tuligawana tonge lake la ndizi na jibini, maana langu nilikuwa nimeshalimaliza njiani.

Mwalimu Mirella wa klabu ya sayansi alitupa vipimo vya miaka thelathini, tutafute ni wiki zipi mto hufurika. Niliandika programu kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Lo, ilivyokuwa nzito! Tuliiwasha mapumziko yakianza, kengele ikalia bado inahesabu.

"Programu yako imezeeka kabla ya kuzaliwa," Deysi akanicheka. "Hebu niachie mimi hiyo hesabu kubwa."

Wiki tatu hakugusa mpira. Aliiandika hesabu ile kwa lugha ya C, kisha akaigeuza kuwa faili la lugha ya mashine. Kazi ya R ikabaki kuliita tu lile faili, na majibu yakatoka kabla sijapepesa jicho.

Ndipo likaja tangazo: mshindi wa mashindano ya shule atakwenda kambi ya sayansi kule Quito, mji mkuu. Nafasi ni moja. Deysi alikuwa akiiota kambi hiyo tangu darasa la tano, nami nilijua. Nikaiandikisha kazi yetu kwa jina langu peke yake. Faili la mashine halisomeki, nilijiambia, nani atajua limeandikwa na nani? Nilijua kabisa kuwa ni wizi.

Siku ya mashindano Deysi alikaa mstari wa mbele. Lilipotajwa jina langu pekee, alinitazama akitabasamu, akidhani lake wamelisahau.

Jaji, mhandisi Quimí, alipendezwa. "Safi sana, binti. Sasa ongeza vipimo vya mwaka huu."

Nikaongeza, nikabonyeza. R haikutoa hata onyo, ilizimika tu. Nikaiwasha tena, ikazimika tena.

"Hili faili limetengewa miaka thelathini tu," akasema jaji. "Huu wa thelathini na moja hauna pa kukaa. Fungua maandishi yake ya C urekebishe."

Ningeyatoa wapi? "Sina," nikasema. "Anayo Deysi. Yeye ndiye aliyeyaandika."

Deysi akaja na kompyuta yake, akabadilisha mstari mmoja, akaligeuza faili upya. Programu ikakimbia. Nafasi akapewa yeye.

Nilimkimbilia nje. "Deysi, nisamehe."

"Ungeniomba hiyo nafasi, Maybelin, pengine ningekuachia," akasema. "Mjinga mimi!" Akaenda zake.

Mwalimu Mirella alikuwa amesimama mlangoni. "Programu yako iliita kazi ya Deysi kila ilipohesabu," akaniambia. "Wewe hukuweza kumtaja hata mara moja. Ukitumia kazi ya mwenzio, mwanangu, taja jina lake. Na ukishamwibia, usidhani kuomba radhi kunarudisha kila kitu."

Kesho yake niliwahi uani. Kopo lilikuwa limeshamwagwa. Daftarini, mbele ya milimita kumi na nne, palikuwa na sahihi ya Deysi. Pale ninapotia yangu, alikuwa amepiga mstari.