Marehemu Haulizwi Maswali

Jaji aliahirisha kesi jua likizama, na mimi, mtunza vielelezo wa mahakama, nikabaki na kazi ndogo ya kurudisha simu ya marehemu stoo. Wenzangu huniita Bi Makufuli. Wakitaka kunichokoza huniuliza nimeolewa na kabati lipi.

Simu ile ndiyo ilikuwa kesi nzima. Mwenyewe, fundi cherehani, alikufa kwa sumu, na kabla hajakata roho dada yake mkubwa alimrekodi kitandani kwa simu hiyo. "Ni mume wangu. Ni mume wangu aliyenipa kikombe." Basi, hakuna zaidi. Mumewe, mchomelea vyuma, akikutwa na hatia hatoki tena gerezani. Wakili wake alishinda kutwa akipinga rekodi isipokelewe.

"Mheshimiwa, marehemu haulizwi maswali. Aliyesema hayupo. Tutamhoji nani?"

Jaji akasema ataamua asubuhi. Mimi moyoni nilishamhukumu yule mwanamume. Mtu anayekufa adanganye ili apate nini?

Stoo nikaitoa simu kwenye bahasha niikague. Ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi, umefungwa vifundo vidogo vidogo. Lebo ilitaja simu, haikutaja uzi. Nami, kwa kiherehere changu, sivumilii kitu kisichotajwa kwenye lebo. Nikachukua mkasi, nikaukata.

Mlango ukajifunga.

Komeo likalia... kwa nje.

"Wewe mlinzi, acha utani wako!"

Nikagonga mpaka viganja vikaniwaka. Stoo haina dirisha, ina tundu tu lenye nondo juu ya makabati, na mwanga wake ulikuwa unakwisha. Nikabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Kisha nikasikia harufu ya mafuta ya cherehani, nzito, kana kwamba mtu kaimwaga chupa nzima miguuni pangu.

Tak-tak-tak... tak-tak-tak...

Cherehani. Na humo ndani hamkuwa na cherehani.

Simu niliyokuwa nimeizima kwa mkono wangu ikawaka kiganjani.

"Niulize..." ikanong'ona.

Nilitaka kuitupa, vidole vikakataa kufunguka.

"Niulize, mama. Wamesema siulizwi."

Nikajua sitoki humo mpaka nifanye anachotaka. "Nani... nani alikupa kikombe?"

"Dada."

"Mbona ulisema mumeo?"

"Alinifunga ulimi. Nilitaka kusema dada... kinywa kikasema mume. Akarekodi. Akacheka kidogo."

"Kwa nini akufanyie hivyo? Ndugu yako wa tumbo moja?"

Cherehani ikazidi kasi, halafu ikakatika ghafla.

"Fundo hulikati, mama, unalifungua. Likikatwa linatafuta ulimi mwingine. Pole."

Kitu chembamba kikapita juu ya midomo yangu. Kikaingia.

Mlango ukafunguliwa. Mlinzi akanimulika na tochi. "Mama, ulikuwa unapigia nani kelele? Mlango ulikuwa wazi tu, mbona."

Nilimpita mbio. Usiku ule sikulala, lakini nilikata shauri: kukicha nitamweleza jaji kila kitu, wanicheke wakitaka. Yule mwanamume hakuwa na kosa, na niliyelijua hilo ni mimi peke yangu.

Asubuhi sikupata nafasi. Jaji alikaa tu, akatamka kwamba rekodi inapokelewa. Ikachezwa. "Ni mume wangu. Ni mume wangu aliyenipa kikombe." Karani akanyoosha mkono aizime, ikaendelea. Ikafuata sauti yangu, inatetemeka: "Nani... nani alikupa kikombe?"

Baada yake hapakuwa na jibu. Kulikuwa na tak-tak-tak.

Watu wote wakanigeukia. Dada wa marehemu, kwenye benchi la mbele, hakushtuka. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nikaamriwa kupanda kizimba cha mashahidi. Nikaapa. Wakili wa utetezi alinisogelea kwa furaha ya mtu aliyeona riziki yake.

"Ulikuwa unamuuliza nani?"

"Marehemu," nikasema. Wengine wakacheka.

"Haya. Akakujibu nini?"

Nilishukuru Mungu kwa swali lile. Nikamtazama yule dada usoni nimtaje mbele ya jaji. Neno lilikuwa tayari ulimini, nalisikia kabisa.

"Ni mume wangu," nikasema. "Ni mume wangu aliyenipa kikombe."

Haikuwa sauti yangu, ilikuwa ya marehemu.

Hakucheka mtu tena. Mama mmoja nyuma akaanza kulia. Jaji aliweka kalamu chini, akamwangalia mshtakiwa kwa muda mrefu, na nikaona kwamba ameshaamini.

Mchomelea vyuma alisimama kizimbani kwake, ameshika mbao kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira. "Mama," akaniuliza taratibu, "hata wewe?"

Nikafungua kinywa nimwombe radhi.

Yakatoka yale yale.