Mkeka wa Pweza

Zamani, kabla bendera ya Mjerumani haijapanda, Bagamoyo iliamka kwa ngoma za misafara. Wapagazi walishuka kutoka bara na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa na shanga. Mji mzima ulinuka utomvu wa sandarusi na samaki wakavu wa ng'onda. Siku hizi haunuki hivyo, na sisi tuliochelewa kuzaliwa tunayo haki ya kuhuzunika kidogo.

Kila mpagazi alihitaji mkeka wa kulalia njiani. Mikeka bora ilitoka kwa Mwaija. Alifundishwa kusuka na marehemu mama yake. Alichana ukindu, akasuka ukili mwembamba, kisha akaushona kwa mishono ya karibu karibu. Mumewe, Mtoro, alikuwa na kazi ya kuleta ukindu kutoka Kerege, na kazi ya pili ya kusinzia barazani. Zote mbili alizifanya vizuri. Binti yao Dija alikaa mlangoni akiita wateja:

"Mkeka Imara. Njooni mchukue Mkeka Imara."

Siku moja alikuja Salumu, kirangozi wa msafara mkubwa, mtu wa Ubena. Kila msimu watu wake wote walinunua kwa Mwaija. Safari hii alibwaga mkeka uliofumuka.

"Mama Dija, nini hiki? Tumevuka mto Kingani tu, mkeka umekuwa ndevu za mbuzi. Watu wangu wamelala chini kama kuku."

Mwaija akaugeuza mkeka. "Huu si mkono wangu, baba. Tazama mishono, katikati yake mtu anapita na mzigo wake. Nani kakuuzia?"

"Majaliwa, yule wa karibu na soko. Aliniambia ni Mkeka Imara. Nikajua ni wenu."

"Si wetu."

"Mimi nitajuaje? Jina ni lile lile. Bora nitafute mkeka wenye jina jingine kabisa."

Akaondoka. Mwaija alibaki amesimama. Salumu akihama, misafara mingine ingemfuata, na kazi aliyoachiwa na mama yake ingekufa mikononi mwake.

Kesho yake alimpeleka Majaliwa barazani kwa liwali, mtawala wa mji.

"Ameiba jina langu," alisema Mwaija.

Majaliwa akainama kwa adabu nyingi, zaidi ya zinazohitajika. "Bwana Liwali, mkeka wangu niuite nini? Mkeka Dhaifu?"

Baraza likacheka. Liwali mwenyewe alijikuna ndevu asicheke.

"Mama," alisema, "imara ni neno la watu wote. Siwezi kumkataza mtu kusifu mali yake."

Mwaija alirudi nyumbani, akausukuma ukindu pembeni. Jioni akapita jirani yao Ausi, karani wa forodhani.

"Shikamoo, Bwana Ausi," alisema Dija.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mama yako amekaa kama aliyefiwa?"

Walipomweleza, Ausi alikaa chini. Ausi alipenda sana kueleza mambo, na leo alikuwa na sababu.

"Mama Dija, kosa lako ni moja. Umechukua sifa ukaifanya jina. Pale forodhani kila tajiri ana alama yake kwenye pembe. Huyu nyota, yule ufunguo. Umewahi kusikia tajiri anaandika 'Pembe Nyeupe'? Pembe zote nyeupe. Tafuta jina lisilosema lolote kuhusu mkeka."

"Kama lipi?"

"Pweza," alisema Mtoro, ambaye walidhani amelala.

"Baba Dija, pweza na mkeka wana undugu gani?"

"Hawana. Nilikuwa namwota tu. Wa nazi."

Ausi akapiga goti lake. "Hawana undugu, ndiyo maana linafaa. Mtu akilitumia, hataweza kusema alikuwa anausifu mkeka."

Kwanza Ausi alizunguka soko zima kuuliza kama kuna anayetumia pweza. Hakuna. Mwaija akatia ukindu rangi nyeusi, akasuka pweza kwenye pembe ya kila mkeka. Kisha wakaenda kwa liwali na mashahidi. Alama ikaandikwa, na mbiu ikapigwa sokoni ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Leo hakuna haja ya kupiga mbiu. Tanzania Bara, alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na usajili huo una muda wake, ukiisha unahuishwa. Tena kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama. Wengi husajili la kwanza, wakalala usingizi wa Mtoro.

Majaliwa naye alisikia mbiu. Haukupita muda, akatoa mikeka yenye mnyama mweusi pembeni. Aliiita Mkeka wa Ngisi.

Wakarudi barazani.

"Bwana Liwali," alisema Majaliwa, "pweza ana mikono minane. Ngisi ana kumi. Hata mtoto wa Bagamoyo anajua."

"Mtoto wa Bagamoyo hanunui mkeka wako," alisema liwali. "Niitieni kirangozi wa bara."

Salumu akaletwa. Mikeka miwili ikatandikwa mbele yake.

"Tuonyeshe wa Mama Dija, wenye pweza."

Salumu akatazama huu, akatazama ule. Akauokota mmoja kwa uhakika mkubwa. "Huu hapa."

Alikuwa ameshika ngisi.

Baraza lilicheka mpaka askari mlangoni akaegemea ukuta. Salumu akakunja uso. "Mnacheka nini? Kwetu Ubena, kitu chenye mikono mingi hivyo hatukisogelei, sembuse kukihesabu."

Liwali akamgeukia Majaliwa. "Anayedanganyika ni mnunuzi, na sheria hutazama kwa jicho lake. Ngisi wako ni pweza aliyevaa kanzu. Mfumue kwenye kila mkeka."

Salumu alimfuata Mwaija hadi nyumbani, akaomba aonyeshwe pweza vizuri, mkono kwa mkono. Msimu ule msafara wake ulipanda bara na mapweza mgongoni, na Mwaija akamwita Dija akae karibu, aanze kujifunza mshono.

Majaliwa alichagua alama yake mwenyewe, kinu, akaiandikisha kwa haki. Mkeka wake wa kwanza ulifumuka kama kawaida. Mpagazi aliyeununua hakwenda kwa Mwaija. Alitazama kinu, akauliza njia, akaenda moja kwa moja kwa Majaliwa, akambwagia mkeka miguuni mbele ya wateja.

Majaliwa akaingia ndani, akachukua sindano, akaanza kushona karibu karibu.