Zéphyrin, Kengele na Kikombe cha Maji

Katika kijiji cha Kibabi, kule Masisi, siku inaanza na baridi. Ukungu unalala juu ya vilima asubuhi nzima, na ng'ombe wanaanza kulia kabla ya jogoo. Papa Zéphyrin anaamka, anavaa buti zake za mpira, anakamua ng'ombe wake, kisha anabeba bidon, dumu la maziwa, ng'ambo ya kilima kwa watu wanaotengeneza fromaji, yaani jibini. Mke wake, Mama Nadine, anabaki akisonga bugali na kuchochea maharagi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na yalikuwa matulivu, mpaka siku ile Zéphyrin aliporudisha bidon tupu nyumbani akikimbia.

Hakuwa na haraka yoyote. Bidon ilikuwa nyepesi, njia ilikuwa inateremka, upepo ulikuwa mzuri, na miguu ikapenda tu.

Mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagi mlangoni alimwona akipita mbio. Hakuuliza kitu. Alifunga mtoto mgongoni, akabeba sufuria na maharagi yake ndani, akakimbia. Jirani alimwona huyo mama, akafungua mbuzi, akakimbia. Wengine wakaona mbuzi. Zéphyrin alipofika kwake na kugeuka, nusu ya kijiji ilikuwa nyuma yake, pamoja na magodoro, kuku, na redio moja iliyokuwa bado inaimba.

"Wako wapi?" aliuliza Papa Gustave, mkubwa wa kijiji. Alikuwa anahema, godoro kichwani.

"Nani?"

"Wenye tunakimbia!"

"Hakuna muntu, Papa Gustave. Mimi minafanya sport."

Redio peke yake ikaendelea kuimba.

"Sport?" Papa Gustave alishusha godoro polepole. "Zéphyrin, nilikuwa mezani. Nilikuwa nimekata tonge, iko njiani kuelekea kinywa. Na hii godoro iko nzito sawa ndama. Leo njo unaniambia sport?"

Hakuna aliyemsaidia Papa Gustave kupandisha godoro lake kilimani. Kila mtu alikuwa na lake.

Jioni Nadine alimweka mume wake karibu na moto.

"Baba ya watoto, uko na shida gani?"

Zéphyrin alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nadine, tangu nikiwa mutoto nakimbia vita. Tulikimbia mupaka Kitshanga. Tulikimbia mupaka Mubambiro. Kila mara kuko kitu nyuma. Leo nimekimbia, na nyuma hakuna kitu. Unajua hiyo iko tamu namna gani?"

"Nyuma kulikuwa kijiji muzima," alisema Nadine.

Lakini yale maneno ya mume wake yalimwingia. Asubuhi yake alifungua kengele shingoni mwa ng'ombe mkubwa, akaifunga kwenye mkanda wa mume wake. "Wakisikia hii, watajua ni wewe tu. Kimbia basi."

Ikawa hivyo. Kila jioni kengele ilishuka kilima, ngele-ngele-ngele, na watu wa Kibabi walisema, "Ah, ni Zéphyrin," wakaendelea kula. Aliyekasirika ni ng'ombe. Siku za kwanza alimfuata Zéphyrin njia nzima, akidai kitu chake.

Sasa, Nadine kwao ni Walikale, kule kwenye msitu. Habari ikafika kwamba parokia ya kwao itafanya mashindano ya mbio siku ya sikukuu, kutoka daraja la mto mpaka mlango wa kanisa. Ni njia ndefu, ya udongo mwekundu. Zéphyrin akasema ataenda. Akaanza kujizoeza kwa bidii, asubuhi kabla ya maziwa na jioni baada ya maziwa.

Jirani yao alikuwa Mama Augustine, munganga wa kituo cha afya. Alikuwa akimwona akipita, midomo imekauka, shati limelowa.

"Papa Zéphyrin! Unakunywaka maji?"

"Maji iko inaleta uzito, Mama Augustine. Umeona ng'ombe akitoka kunywa? Anatembea pole-pole sawa mama wa mimba. Mimi nataka kuwa mwepesi."

"Ng'ombe anakunywa kwa sababu iko na akili. Na Walikale iko moto. Hapa baridi inakufichia makosa yako."

Zéphyrin alicheka, akapita. Ngele-ngele-ngele.

Yeye na Nadine walifika Walikale mkesha wa sikukuu, juu ya pikipiki, mifupa inauma. Na kweli kulikuwa na joto. Hewa ilikuwa nzito na yenye unyevu, kama mtu amefunika nchi nzima kwa kifuniko cha sufuria.

Kabla ya kwenda mbele lazima mjue jambo moja. Katika familia ya Nadine bado wanashika heshima za wazee. Mwanaume hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake. Hapokei kitu mkononi mwake. Wakikutana njiani, mmoja anatoka njiani. Hata jina lake hawezi kulitaja. Sisi tunaweza: aliitwa Mama Verdiane. Alikuwa mama mnene, mchapakazi, na alimpenda huyo mkwe wake kupita kiasi, ila kwa kumpa mgongo.

Mbio zikaanza. Zéphyrin alitoka vizuri, buti ameziacha, amevaa viatu vya raba, kengele kiunoni. Alipita wawili, akapita watatu. Jua likapanda. Jasho likamwagika kama mvua ya Masisi. Ulimi ukaanza kushikana na meno. Mbele, chini ya mti, akaona meza ya maji na akina mama wa parokia. Moyo wake ukasema: leo nitakunywa, hata kama ni uzito.

Halafu akaona kikombe. Kilikuwa kikombe kipya chenye maua, na nyuma ya kikombe kulikuwa Mama Verdiane. Yeye ndiye alikuwa présidente wa akina mama wa maji, na alikuwa amenunua kikombe hicho kwa ajili ya mkwe wake peke yake.

Zéphyrin hakufikiri mara mbili. Aliruka nje ya njia, akaingia kwenye shamba la mihogo, akainama. Watu wangeamini amepotea kabisa, kama isingekuwa kengele. Ikawa kama mihogo yenyewe inapita mbele ya meza ikilia ngele-ngele-ngele.

"Yuko humo!" walipiga kelele watoto.

"Muachieni, iko na heshima," alisema mama mmoja.

"Heshima gani? Atakauka!" alisema Mama Verdiane. Wasiwasi ukamshinda. Akachukua kikombe, akashika kitenge chake, akakata njia ya mkato nyuma ya mihogo. Zéphyrin alipotoka shambani upande wa pili, alisikia sauti nyuma yake:

"Mukwe wangu! Kunywa! Nimefunga macho!"

Akakimbia. Jamani, alikimbia! Alipita hata wale vijana waliokuwa mbele. Mara nyingine tena katika maisha yake kulikuwa kitu nyuma, na safari hii kilikuwa kimebeba kikombe cha maua.

Karibu na mwisho kichwa kilianza kuzunguka. Misuli ya miguu ikakaza kama kamba. Aliona makanisa mawili. Alichagua moja, akaliendea, na hilo halikuwa lenyewe. Alianguka ndani ya vikapu vya mama muuza chikwangue, ile mikate ya mihogo.

Watu wa afya wa pale walifanya kazi vizuri. Walimbeba kivulini, wakamfungua shati, wakamlowesha kichwa na mwili kwa vitambaa vya maji, wakampepea. Wakati bado anasema maneno yasiyoeleweka hawakumpa kitu cha kunywa, maana mtu wa namna hiyo maji yanaweza kumwingia kwenye mapafu. Walimpeleka kituoni. Alipokuwa anajibu vizuri jina lake na jina la mke wake, ndipo wakampa kunywa kidogo-kidogo.

Nadine alikaa karibu na kitanda. Machozi yalikuwa yamekauka mashavuni, na hasira ilikuwa imefika.

"Uliona makanisa ngapi?"

"Mbili."

"Iko moja. Sikia, Zéphyrin. Nilikupa kengele ya ng'ombe kwa sababu nilisikia maneno yako. Lakini mimi sikuolewa juu ya kuwa mujane wa sport. Mwaka kesho utakimbia tena hapa mara moja. Ukifika na miguu yako, nitanyamaza. Ukianguka, kengele inarudi kwa mwenyewe na hatutasema tena juu ya mbio. Umesikia?"

"Nimesikia."

Zéphyrin alimjua mke wake. Akisema kitu hivyo, hata padri hawezi kukigeuza.

Waliporudi Kibabi alienda moja kwa moja kwa Mama Augustine. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Augustine, nimekuja. Nifundishe."

"Makanisa mbili?" aliuliza Mama Augustine. Habari ilikuwa imefika kabla yake.

Alimpa kiti. "Sikia, Papa. Jasho iko inatoa maji na chumvi mu mwili. Vile vikiisha, damu inakuwa nzito, moto unabaki ndani, kichwa kinazunguka. Usingojee kiu. Kiu inachelewa kufika. Kunywa mbele ya kukimbia, kunywa njiani, kunywa nyuma, ukimaliza."

Zéphyrin alitii kama mtoto wa shule. Jioni hiyo alimeza karibu bidon nzima, akatoka mbio. Alifika mbele ya kanisa la kijiji, jirani na Papa Gustave, tumbo linasema glup, kengele inasema ngele, glup, ngele, na akatapika kwenye maua ya Papa Gustave.

"Kwanza godoro, sasa maua yangu!" alilia Papa Gustave.

Mama Augustine alipoambiwa alicheka mpaka akashika mlango. "Nilisema kunywa, sikusema kujaza tanki! Kidogo-kidogo, Papa. Hata maji yakizidi sana na hakuna chumvi, iko mubaya. Kila mara unapita hapa kwangu, kunywa kikombe kimoja, endelea."

"Na nitajua namna gani kama yametosha?"

"Angalia mukojo yako."

Zéphyrin alitazama chini kwa haya.

"Hakuna haya hapa. Ikiwa manjano kidogo, sawa majani makavu ya nyasi, uko muzuri. Ikiwa nyeusi-nyeusi sawa chai bila maziwa, unakauka. Na siku ya jua kali, wakati jasho iko mingi, tengeneza hii."

Akamwonyesha mezani. Lita moja ya maji safi, yaliyochemshwa na kupoa. Vijiko vidogo sita vya sukari. Nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Zéphyrin alijaribu, akajaza kijiko mpaka kikafanya kilima. "Vijiko vya kusawazisha na kisu, hapana vya mulima sawa yako hiyo. Onja. Isipite chumvi ya machozi. Ikipita, mwaga, anza tena."

Akamwambia pia asiongeze njia kwa pupa, bali kidogo kila wiki. Apumzike siku ambazo miguu inauma. Afike Walikale mapema, siku nyingi kabla ya mbio, ili mwili uzoee joto. "Na kichwa kikianza kuzunguka, simama. Kusimama iko akili."

Mvua zikapita, maharagi yakavunwa, yakapandwa tena. Zéphyrin alikimbia na kunywa, akakimbia na kunywa. Njia ilirefuka, na midomo yake haikukauka tena.

Kulibaki jambo moja, na hilo Mama Augustine hakuwa na dawa yake. Meza ya maji ilikuwa ya Mama Verdiane.

Walipofika Walikale, wiki mbili kabla ya mbio, Nadine aliingia jikoni kwa mama yake. Zéphyrin alikaa nyuma ya nyumba, akisikia yote kupitia ukuta wa miti.

"Mama, siku ile utoke kwenye maji. Kama uko pale hatakunywa, na asipokunywa ataanguka."

"Nitoke? Mimi njo présidente! Nimpe nani kikombe? Ule Marie mwenye anamwaga nusu?"

"Basi tuvunje ile desturi. Umupe tu mukononi."

Mama Verdiane alisogeza sufuria. Kuni zilipasuka motoni.

"Hapana, binti yangu. Baba yako aliniheshimia mama hivyo mupaka alipokufa. Sitavunja." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini sitamuua mukwe wangu kwa sababu ya heshima. Ile kengele, ataivaa tena?"

"Ataivaa."

"Basi niachie."

Siku ya mbio jua lilitoka na nguvu zilezile. Zéphyrin alikuwa amekunywa asubuhi, ameangalia mkojo wake, rangi ya majani makavu, ametoka polepole. Vijana walimpita. Aliwaacha. Njia nyekundu ilipanda, ikashuka. Mbele akaona mti, meza na kile kikombe cha maua. Miguu yake ikaanza yenyewe kugeukia kwenye mihogo.

Ngele-ngele-ngele, ililia kengele.

Mama Verdiane aliisikia kabla ya kumwona. Aliweka kikombe juu ya kisiki kando ya njia, akarudi hatua chache, akajifunika kichwa kwa kitenge, na kugeuza mgongo. Akina mama wote wa parokia, kwa kumwonea huruma présidente wao, wakageuza migongo pia.

Zéphyrin alisimama. Alichukua kikombe. Kilikuwa na sukari kidogo na chumvi kidogo, si zaidi ya machozi. Alikunywa polepole.

"Amekunywa?" aliuliza Mama Verdiane, akiangalia msitu.

"Amekunywa yote!" walijibu watoto.

"Mumwambie kurudisha kikombe. Iko kwa ajili ya mwaka kesho pia."

Zéphyrin aliweka kikombe kisikini na kuendelea. Alipofika kwenye kanisa alihesabu vizuri: lilikuwa moja. Wengi walikuwa wamefika kabla yake, hata katekista mzee. Mbele ya mlango alisimama Nadine, mikono kiunoni, akiangalia miguu ya mume wake. Miguu ilikuwa inasimama.

"Nyuma kulikuwa nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema Zéphyrin. "Kikombe tu."

Nadine alinyamaza, kama alivyoahidi. Alimfutia jasho kwa pembe ya kitenge chake, mbele ya watu wote.

Leo ukipita Kibabi jioni, utasikia kengele ikishuka kilima. Siku nyingine zinakuwa mbili, maana Papa Gustave naye ameanza, anasema ni kwa ajili ya kupunguza tumbo lake. Hakuna anayefungua mbuzi. Hakuna anayebeba godoro. Wakisikia ngele-ngele-ngele, mama mmoja anaacha maharagi, anachota maji yaliyochemshwa, na kuweka kikombe juu ya jiwe kando ya njia.

Ng'ombe mkubwa alinunuliwa kengele mpya.