Yuko Bafuni, Anaoga

Sabuni ndiyo iliyoanza. Mama Pindo, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa kupinda nguo za watu, alirudi nyumbani kutoka dukani kwake saa sita mchana kufuata uzi mweusi aliousahau, akapita bafuni kunawa mikono, akakuta sabuni imelowa na sakafu inachuruzika maji. Mtoto alikuwa shule tangu asubuhi, mlango aliufunga yeye mwenyewe kwa ufunguo, na humo ndani hakai mtu mwingine. Sabuni ilikuwa na alama nyeusi za vidole, masizi na vumbi la chuma, uchafu uleule aliomgombezea mumewe miaka kumi na mmoja: "Nawia nje kwanza, baba, hapa si karakana!"

Mumewe alikuwa amekufa. Tuelewane hapo mapema. Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, alilipukiwa na mtungi wa gesi kazini miezi minane nyuma, na jeneza walilobeba lilikuwa jepesi mno kwa mwanaume mwenye kifua kile.

Ila kwenye ofisi ya kodi, Cheche alikuwa mzima wa afya.

Ilikuwa hivi. Baada ya msiba iligundulika kwamba mwajiri wake alimkata kodi kupita kiasi kwa miaka sita. Fedha ilitakiwa irudishwe, na haikuwa ya kununulia nyanya. Mama Pindo alikuwa na pa kuipeleka: binti yao wa miaka minane, Kidoti, alikuwa na ukungu machoni, na daktari alisema wazi kwamba asipopasuliwa kabla mwaka haujaisha, atapofuka macho yote mawili. Kwa kupinda suruali na kubana magauni ya watu, hela ya macho angeipata mtoto akiwa bibi. Basi siku alipokwenda kuomba marejesho, mtu mmoja kwenye foleni akamnong'oneza, "Dada, ukisema ni marehemu utaambiwa mirathi, mahakama, mihuri, miaka mitatu. Mtu hai ni miezi mitatu tu." Mama wa watu akaijaza fomu kwa jina la mumewe, akaiga saini yake, na palipoulizwa kama mlipa kodi yu hai, akaweka alama ya ndiyo.

Miezi mitatu ikaisha, wa nne, wa tano. Kila siku saa tatu asubuhi, kabla hajatunga uzi, alipiga simu kuulizia. Alipokea karani yuleyule mwenye sauti ya kuchoka.

"Bado linashughulikiwa, mama. Mwenyewe yupo? Tunataka kumsikia mwenyewe."

"Yupo, baba. Ila yuko bafuni, anaoga."

Hivyo ndivyo alivyosema asubuhi ya ile sabuni. Hakuviunganisha. Alijiambia ni bomba linavuja.

Kesho yake akamwambia karani, "Amelala, jana alichelewa kazini." Mchana alikuta upande wa kitanda wa ukutani, ambao haukulaliwa miezi minane, umebonyea, shuka lina joto, na chumba kizima kinanuka chuma kilichoungua. Siku ya tatu akasema, "Anakula." Alikuta sufuria ya chakula cha mtoto imekombwa hadi ukoko, na kijiko alipokishika kikamuunguza.

Jioni ileile, wakiwa wameketi mezani, kikohozi kikasikika chumbani. Mara mbili, kimya, halafu cha tatu. Kikohozi cha Cheche.

"Mama, baba karudi?" Kidoti aliuliza, akinusa hewa.

"Nyamaza."

"Ni yeye. Ila mama..." Mtoto alipunguza sauti. "Anakohoa, lakini hapumui."

Mama Pindo alitaka kuinuka akafungue ule mlango, lakini akabaki palepale ameushika mkono wa mwanawe, akisikiliza godoro likilia kana kwamba mtu anajigeuza, akisikiliza vidole vikipita polepole juu ya mbao za mlango kwa ndani, kutoka juu hadi kwenye kitasa, vikikitafuta, vikikipata, visikizungushe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesema bado kwamba baba wa nyumba ile ametoka chumbani. Usiku ule mama na mwana walilala dukani, chini ya meza ya cherehani.

Asubuhi alimleta mganga, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mganga alifika kizingitini, akanusa, akagoma kuingia.

"Huyu si mumeo," alinong'ona. "Mumeo amepumzika zamani. Huyu ni jini aliyekuwa anapita zake, akasikia kuna nafasi ya mtu iliyo wazi, inatajwa kila siku, na mwenyewe hayupo. Ukisema yuko bafuni, anaingia bafuni. Ukisema amelala, analala. Unamtuma wewe, mwanangu."

"Nimtoeje?"

"Kwa mdomo uleule, kwenye sikio lilelile. Mwambie huyo karani wako: mume wangu amekufa. Mara moja inatosha. Na mpaka hapo usimtume tena popote, hata kwa utani."

"Nikisema hivyo, hela ya macho ya mtoto imekwenda."

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Hilo sasa mimi siliwezi," alisema, akaondoka.

Mama Pindo hakupiga simu siku ile. Alimpeleka mtoto shule, akarudi dukani, akashona mshono mmoja mara tatu na kuufumua mara tatu. Saa nane kasorobo simu ikaita yenyewe.

"Mama, hongera! Ombi limepitishwa. Nikibonyeza hapa inaingia sasa hivi. Nithibitishie tu, mwenyewe yu hai?"

Alifungua mdomo aseme alivyofundishwa. Wallahi alitaka kusema. Akamwona Kidoti asubuhi ile akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

"Yu hai," alisema.

"Nipe niongee naye."

"Hayupo."

"Yuko wapi? Simu yake haipatikani, na hii mashine hainiruhusu mpaka nijaze alipo."

Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Ndiyo saa ambayo kila siku hufunga duka. Ulimi ukaokota kilichokuwa karibu.

"Amekwenda kumchukua mtoto shule."

"Haya." Karani akabonyeza.

Ujumbe wa fedha uliingia. Aliusoma wote, sifuri zote, ndipo masikio yake yakamletea alichokisema.

Alikimbia bila viatu. Getini mlinzi mpya wa shule alikuwa amekaa, mkono ameutumbukiza kwenye ndoo ya maji.

"Baba yake kamchukua muda si mrefu. Mtoto alimrukia mwenyewe, 'baba, baba!' Ningekataaje, mama? Ila yule bwana ana homa kali. Alinipa mkono, tazama." Kiganja kilikuwa malengelenge matupu.

Alizunguka mitaa akiita mpaka sauti ikakauka. Nyumbani alikuta mfuko wa madaftari mlangoni, vifungo vyake vimeyeyuka. Mtoto hakuwepo. Simu ikaita.

"Samahani, mama, nimesahau kipengele kimoja ili nifunge faili," alisema karani. "Mtegemezi, yule binti. Yu hai?"

Mama Pindo alijua sasa. Alijua maneno yake yanaleta nini, na nani huwa anayasikia. Lakini niambieni, mama gani angetamka lile jibu jingine?

"Yu hai!" alipiga kelele. "Yu hai, yuko njiani, anakuja nyumbani!"

"Taratibu basi, mama. Si lazima kunipigia kelele." Simu ikakatwa.

Kwenye kona ya mtaa akatokea Kidoti. Alitembea katikati ya njia, bila kupapasa ukuta, akauruka mtaro ambao hakuwahi kuuona. Harufu ya chuma kilichoungua ilimtangulia. Alifika mlangoni, akakohoa mara mbili, akanyamaza, akakohoa tena. Macho yake yalikuwa meupe safi, hayana ukungu hata chembe, na hayakupepesa.

"Mama," alisema, "naona."

Mama Pindo akamfungulia mlango.